Hatua Nne za Masale

Wivu wa Ndeshi ulikuwa na saa zake za kazi. Saa moja asubuhi, foleni ya ndoo ilipoanza kujipanga ng'ambo ya mpaka, nao uliamka. Saa nne foleni ikiisha, unapumzika. Alasiri unarudi tena, kwa sababu alasiri ndipo walipofika wageni kutoka vyuo vya mbali, na viatu vyao vya kupandia mlima, kupiga picha mti wa wifi yake.

"Mti wa Anansia," walikuwa wakisema. Anansia! Mwanamke aliyeingia kihamba hiki, shamba la ukoo, na begi moja na Biblia, leo ana mti! Ndeshi alikuwa akisimama nyuma ya migomba yake, anajifanya anapunguza majani, huku roho inamuuma kama jino bovu. Maji yake mwenyewe alichota mtoni, nusu saa kwenda, saa nzima kurudi, ilimradi asiseme "wifi, naomba ndoo moja."

Na tuseme kweli, alikuwa na sababu. Mlima ulipobaki upara, barafu imekwisha na mifereji imekauka, wataalamu walitengeneza mti wa ukungu. Majani yake yananasa ukungu wa asubuhi, maji yanashuka ndani ya shina mpaka kwenye moyo, yaani kiazi kikubwa kama pipa kilichojificha ardhini, na hapo unachomeka bomba. Kila nyumba iligawiwa mche mmoja. Aliyenyeshea mche wa nyumba hii ulipokuwa mfupi kuliko mbuzi ni nani? Ni Ndeshi, binti wa miaka tisa, kwa kopo, kutoka mtoni. Kisha ukaja mnyauko, ukaua miti ya ukungu yote ya mlima isipokuwa huo mmoja. Kisha mama akafa. Kihamba cha nyumbani kikaenda kwa mdogo wake Kundaeli, kitinda mimba, kama mila inavyotaka, na Ndeshi akapewa kipande cha pembeni. Sheria ilisema watoto wote ni sawa. Ukoo ukasema sheria hiyo ni ya watu wa mjini. Haukupita muda, Kundaeli naye akafuata, akamwachia mkewe Anansia kihamba, makaburi mawili na mti.

Ndeshi hakugombana na mtu. Alichofanya alikifanya Jumapili, mchana kweupe, Anansia akiwa kanisani kwao, ambako ibada haiishi mpaka saa nane. Kati ya vihamba viwili ulikuwapo mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachaga wamepandia mipaka yao tangu enzi na enzi. Isale halina kinyongo. Uling'oe, ulichomeke pengine mvua za masika, litashika kama kawaida. Basi kila masika Ndeshi aling'oa mstari mzima na kuusogeza hatua moja kuelekea kwa wifi yake. Masika manne, hatua nne. Kuhamisha masale! Kwa watu wa mlimani, afadhali uibe ng'ombe. Lakini kila akikanyaga ule udongo alioupata, jino lile lilipoa kidogo.

*

Bwana Lugome alifika kwa Ndeshi siku ya Jumatatu. Alikuwa mwembamba, mtu wa Mamlaka ya Maji ya Ukanda wa Chini, na alipiga hodi mara tatu kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Nimetoka tambarare, mama," alisema alipokwisha kuketi. "Kule chini watu wanakunywa maji ya visima vya chumvi na floridi. Watoto meno yamekuwa kahawia, miguu inapinda. Tunahitaji miche elfu ya mti wa ukungu. Maabara yetu imejaribu kuotesha vipandikizi miaka sita, vyote vinaoza. Imebaki njia moja. Kuchimba moyo wa mti wa jirani yako na kuupasua vipande mia mbili. Huenda ishirini vikashika."

"Na mti wenyewe?"

"Utakufa."

Ndeshi aliinamisha uso haraka, maana alihisi tabasamu linakuja na hakutaka mgeni alione. "Basi chukueni," alisema. "Serikali inamwogopa mjane?"

Lugome alicheka kidogo. "Zamani isingemwogopa. Bibi yangu aliletewa barua Jumatatu, Jumanne tingatinga likawa jikoni kwake. Wakati wa Miaka ya Uchukuaji mambo yalikuwa hivyo. Watu walipoandika Katiba hii tuliyonayo, hawakuiamini karatasi. Ibara ya mali waliifunga ndani ya mashine. Kila mtambo wa serikali wa kuchimba una kufuli kifuani. Hauvuki mpaka wa mtu mpaka maswali matatu yajibiwe kwa sauti, mbele ya watu. Kwanza, haja ni ya wote? Pili, mwenye mali amepewa fidia yake kabla? Tatu, hakuna njia ndogo zaidi ya kupata kitu kile kile? Hata Rais akija na bunduki, kufuli haifunguki."

"Sasa mimi naingiaje?"

"Swali la tatu hatujibu sisi. Anajibu mtu wa mpaka, jirani. Walioandika waliona jirani ndiye anayejua mambo ya pale, na atasema kweli kwa kuwa kesho yatamfika yeye."

Kheh! Walioandika Katiba hawakuwa na wifi.

Mgeni alipoondoka, Ndeshi alibaki barazani na furaha yake, na furaha ile ilikuwa na kokoto ndani. Njia ndogo ilikuwapo, na aliyeijua duniani alikuwa yeye peke yake. Mama yake alimwonesha alipokuwa msichana, siku wanapika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Unakata kijiti cha mti. Unachukua kiganja cha udongo kutoka karibu na moyo. Unavichanganya na machicha ya mbege yaliyobaki chini ya chombo, unafunga kwa ganda kavu la mgomba, unafukia chini ya kivuli. Udongo ule una utandu mweupe uliolala, na machicha ndiyo yanayouamsha. Bila utandu kijiti hakipati mizizi. Wataalamu wa maabara walikuwa wanakosha kila kitu kwa spiriti mpaka kinang'aa, na hapo hapo walikuwa wanaua walichokitafuta. Anansia asingejua kamwe. Anansia mlokole, hata mlangoni panapopikwa mbege hapiti.

"Sijaulizwa," Ndeshi alijiambia. Miaka sita yote hakuna aliyemuuliza.

*

Jumatano aliulizwa. Anansia alikuja na ndoo ya maji kichwani, akaitua bila kumwaga tone. Hata hilo lilimkera Ndeshi.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

"Sikai. Wifi, kesho watakuuliza lile swali."

"Nimeshaambiwa. Unataka niwajibu nini?"

"Kweli unayoijua, basi. Mimi mti huu nimeukuta, wewe umekua nao. Mama hakuwahi kukwambia kitu? Chochote?" Anansia alikunja kona ya kanga yake na kuikunjua. "Watachimba mpaka pale walipolala yeye na Kundaeli. Nimewaomba wazunguke, wamesema moyo hauna adabu, unatambaa kufuata mteremko, hawajui uko wapi mpaka mtambo uupime."

Ilikuwa tamu. Jamani, tusidanganyane, ilikuwa tamu! Miaka yote ile Anansia hakuwahi kumhitaji kwa jambo lolote, leo amesimama uani pake anakunja kanga.

"Hakuniambia kitu," Ndeshi alisema.

"Haya, wifi. Basi Mungu atajua."

Alipoondoka, Ndeshi aliyamwaga yale maji yote kwenye migomba. Alipomaliza ndipo akasikia kiu.

*

Mtambo wenyewe watu waliuita Kifaru. Ulipanda Alhamisi asubuhi kwa miguu sita, mkubwa kama nyumba ya vyumba viwili, kijiji kizima nyuma yake, na ulipofika njiani, kwenye ncha ya masale, ukasimama wenyewe kama ng'ombe aliyeona geti limefungwa. Bwana Lugome hakuuambia usimame. Aliwaonesha watu taa nyekundu ya kufuli kifuani pa mtambo, waione.

"Haja ni ya wote?" Kifaru aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama ya karani.

Lugome alisoma majina ya vijiji kumi na vinne vya tambarare. Taa ikafifia kidogo.

"Mwenye mali amepewa fidia kabla?"

"Bomba la maji mpaka mlangoni, bure, yeye na wazao wake. Limeshafungwa, maji yanatoka." Taa ikafifia tena.

"Mtu wa mpaka asogee. Je, hakuna njia ndogo zaidi ya kupata miche?"

Ndeshi alisogea. Alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la sherehe, na watu walimpisha. Alimtazama Anansia, aliyekuwa ameshika shina la mti kwa kiganja kimoja kama mtu anayempima mtoto homa. Hata kuachwa na mti anajua kuachwa vizuri, Ndeshi aliwaza, na jino likamchoma.

"Hakuna," alisema.

"Jibu limepokelewa. Mwenye mali ana siku saba za kupinga. Sasa napima ulipo moyo."

Kifaru alishusha fimbo nne ndefu, akazikita ardhini moja moja, akatulia kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha fimbo zikarudi.

"Moyo umeonekana. Shina liko upande wa mashariki wa masale. Moyo umetambaa, uko upande wa magharibi, hatua tatu ndani. Kwa sheria ya miti ya ukungu, mti ni wa mwenye ardhi ulipo moyo. Mwenye mali si Anansia. Mwenye mali ni Ndeshi binti Ndelamio."

"Wee!" mwanamke mmoja alipiga kelele kwenye umati. "Kumbe ni mti wa Ndeshi!"

Mti wa Ndeshi. Alilisikia kwa masikio yake, mbele ya kijiji. Binti wa miaka tisa na kopo lake alisimama ndani yake akacheka kwa sauti. Ulikuwa wake, mzima, kwa sheria, na kila mtu anamtazama yeye na si yule mwingine. Furaha hiyo ilidumu pumzi tatu hivi.

"Mwenye mali mwenyewe amesema hakuna njia ndogo," Kifaru aliendelea. "Fidia iliyolipwa kwa mti huu inahesabiwa kuwa yake, na neno la mwenye mali halina rufaa. Siku saba zimefutwa. Kufuli iko wazi."

Taa ikazimika. Mguu wa kwanza ukainuka, ukaingia upande wa Ndeshi.

"Simama!" Ndeshi alipiga kelele. "Simama wewe! Si wangu!"

"Masale yanaonesha ni wako."

"Bwana Lugome, uambie!"

Lugome alikuwa amepauka. "Siwezi, mama. Siuendeshi mimi. Vigingi vya chuma vilibebwa na mafuriko zamani, sheria ikayakubali masale. Mpaka mtu athibitishe kuwa masale yanasema uongo, mti ni wako na umeshautoa."

Koleo la Kifaru lilifunguka juu ya ule ukanda wa hatua nne. Ndeshi alitazama nyuso. Wote hawa waliokuja kuona Anansia ananyang'anywa. Akinyamaza, mti unakwenda, lakini hakuna atakayejua kitu, na Anansia atakuwa hana, na si ndicho alichokitaka? Alikitaka kabisa. Koleo liligusa udongo, na huko juu majani yakatikisika yakamwaga maji ya asubuhi kwenye kichwa chake, baridi, kama yalivyomwagika alipokuwa mtoto. Ndipo alipojua kwamba anaupenda mti ule kuliko anavyomchukia Anansia, na jambo hilo lilimkera sana.

"Niliyahamisha!" alisema. "Masale. Niliyahamisha mimi kwa mikono yangu, hatua nne, Jumapili nne, yeye akiwa kanisani. Huu udongo ni wake. Moyo ni wake. Haya, mmesikia?"

Uuuwi! Wanawake walishika vichwa. Mzee mmoja alitema mate chini, akageuka akaenda zake bila kuaga mtu.

Koleo likafunga. Mguu ukarudi njiani, na taa nyekundu ikawaka upya. "Mwenye mali ni Anansia. Mtu wa mpaka ni Ndeshi. Swali la tatu linaulizwa tena."

"Njia ipo," Ndeshi alisema. "Naijua. Mama alinifundisha."

"Shahidi amesema mawili. Njia ioneshwe. Siku ishirini na moja. Miche isipoota, kufuli itafunguka."

Bwana Lugome alimsogelea, na ile adabu yake ya hodi tatu ilikuwa imemtoka. "Umeijua tangu lini?"

"Tangu nikiwa msichana."

"Miaka sita tunahangaika, mama. Miaka sita! Wangu mdogo ana miaka mitano. Hatembei sawasawa."

Ndeshi alidhani alichokifanya kilikuwa kati yake na wifi yake tu.

*

Jioni ile alikata jani moja la isale, akalifunga fundo, akaenda nalo mlangoni kwa Anansia. Hiyo ndiyo desturi. Aliyekosa akikuletea isale lenye fundo, huna ruhusa ya kulikataa, hata kama amekuulia mtu. Ndeshi alilishika kwa vidole viwili, kama kitu kinachonuka.

Anansia alilipokea, akaliweka juu ya Biblia yake.

"Karibu ndani, wifi."

"Huniulizi kitu?"

"Nikuulize nini? Masale nilikuona ukiyahamisha."

"Umeniona wapi? Ulikuwa kanisani!"

"Jumapili ile ya kwanza nilikuwa naumwa. Nilikuwa hapo dirishani." Anansia alimsogezea kigoda. "Nilitaka kutoka nikupigie kelele. Halafu nikakuona umechukua udongo kidogo, ukaunusa. Nikasema, huyu haibi. Huyu amenyimwa kwao. Mwache apate hatua moja. Mwaka uliofuata ukachukua nyingine. Nikasema mwache, labda akishiba ataacha kunichukia."

Ndeshi aliketi. Miaka yote ile alidhani anaiba, kumbe alikuwa anapewa! Hata wizi wake wifi huyu alikuwa ameufanya kuwa sadaka. Alilia, na sitasema alilia kwa toba tupu. Nusu yake ilikuwa wivu, na wivu huo ulikuwa mkali kuliko wote aliowahi kuuona maishani.

"Na mimi nilijua njia," alisema mwisho. "Jana uliniuliza nikakukatalia."

Hilo lilimpata Anansia, Ndeshi aliliona likimpata, na kwa mara ya kwanza wifi yake alionekana mtu wa kawaida, amechoka, ana hasira.

"Hilo limeniuma," Anansia alisema. "Isale nimelipokea, lakini limeniuma. Sasa niambie tunafanyaje."

"Tunapika mbege."

"Wifi! Mimi sigusi pombe."

"Si ya kunywa. Koroga."

Akakoroga. Anansia mlokole, kitambaa puani, alisimama kwenye chungu cha ndizi na ulezi anakoroga kwa mwiko mrefu, huku Ndeshi akimkaripia kwa kukoroga vibaya, na karipio hilo lilimpa nafuu isiyo na kifani. Mbege ilipoiva, walichukua machicha, wakachimba udongo wa karibu na moyo wakitumia vidole, wakafunga vijiti kumi kwa maganda ya mgomba na kuvifukia kivulini. Ndeshi hakulala vizuri hata siku moja kati ya hizo. Siku ya kumi vitatu vilioza. Siku ya kumi na tano kikaoza cha nne, na Anansia akafunga kula. Siku ya kumi na nane, Ndeshi alifungua ganda la kijiti cha tano akakuta utandu mweupe umekizunguka kama uji uliokauka, na chini yake mizizi, mingi, myembamba, hai.

Sita vilishika. Bwana Lugome alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya ofisini, akavihesabu mara mbili. Kifaru alivipima, akatangaza kwamba njia ndogo ipo, na taa yake ikabaki nyekundu. Kisha akashuka mlimani amebeba miche sita, mifuko ya udongo na madebe mawili ya machicha. Lugome alimpa Ndeshi mkono, ila alipomwomba amwandikie namna ya kupika, hakumtazama machoni.

Jumapili iliyofuata Anansia hakwenda kanisani. Alimkuta Ndeshi na jembe, anang'oa masale.

"Acha tu, wifi," alimwambia. "Hatua nne ni nini? Aliyekiacha kihamba hiki alikuwa mama yako. Nakupa, kwa moyo wangu wote."

"Nani kakuomba?" Ndeshi hakuinua uso. "Ili watu waseme Anansia amemsamehe mwizi na ardhi akamwongezea? Thubutu! Mali yako ni yako, ikae kwako. Shika ncha ile ya kamba, uivute sawasawa. Hapo umepinda."

Waliyarudisha yote, jani kwa jani, mpaka pale mama alipoyapanda.

Kesho yake, saa moja asubuhi, wivu wa Ndeshi uliamka kama kawaida yake ukaenda kumtafuta nyuma ya migomba. Haukumkuta. Ulimkuta ng'ambo ya masale na ndoo yake, amepanga foleni, wa saba kutoka mbele, anawaonea gere wale sita.